Mfuko mmoja wa mbolea

Jumamosi iliyopita jirani alikuwa anaogesha mbuzi wake. Harufu ya dawa ya kupe ikavuka ukuta, ikanikuta jikoni nakata mchicha. Nikaweka kisu chini. Ni harufu kali, inakaba koo, na ukiigusa dawa yenyewe inabaki mikononi hata ukinawa mara tatu. Mimi ikinifikia tu namwona Popi, mbwa wetu, amesimama ndani ya karai, masikio yamelala, anatetemeka, ananitazama usoni kama anataka kujua kosa lake.

Ilikuwa Januari 2012. Mama alikuwa Kyela anamuuguza bibi. Aliniachia nyumba ya Igawilo, Mbeya, mdogo wangu aliyekuwa darasa la tano, na shilingi 110,000 alizozifunga kwenye pindo la khanga kuukuu na kuzificha ndani ya kopo la maziwa. Hela ya mifuko miwili ya mbolea ya urea, mfuko mmoja kila ekari. "Mahindi yakifika magotini usisubiri," aliniambia akiwa ameshapandisha mguu mmoja kwenye Hiace. "Mvua ikikuacha, umeachwa."

Popi alikuwa mbwa wa baba. Baba alipofariki, mama aligawa nguo zake zote, hata koti la baridi. Kitu kimoja hakukigusa: buti la mvua la mguu wa kushoto lililokuwa nje ya mlango, kwa sababu Popi alikuwa analala ameweka kidevu chake juu yake. Lile la kulia sijui lilikwenda wapi. Usiku wa baridi, ukungu umeshuka mpaka huoni choo kilipo, ukifungua mlango unamkuta pale pale, na buti lake.

Alhamisi alikataa ugali na dagaa. Ijumaa hakunyanyuka. Jumamosi asubuhi mdogo wangu akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea: "Dada, njoo uone. Popi anakojoa chai ya rangi."

Nilienda nikaona. Rangi ile nilishaiona kwa ng'ombe wa jirani, na wafugaji wanaiita kwa jina lake, kukojoa damu. Sikujua kama na mbwa hupata. Nikampigia bwana mifugo wa kata. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ni kupe, yeye dawa hana, nimpeleke Mwanjelwa siku hiyo hiyo na nisingoje kesho.

Pale Uyole konda wa kwanza alitukatalia kabla hata sijafungua mdomo, wa pili akasema abiria watalalamika. Mwishowe kijana wa bodaboda akakubali kwa 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Nilimbeba Popi mapajani ndani ya kiroba, kichwa kimetoka nje, nimemfunika kwa khanga. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomjua.

Daktari alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Meza ya bati, sinki, msumari ukutani. Alimlaza Popi ubavu, akampima joto, akamvuta mdomo wa juu kwa kidole gumba. "Njoo uangalie, binti."

Fizi zilikuwa nyeupe kama sembe.

"Bonyeza kucha yako," akaniambia. Nikabonyeza. Ikawa nyeupe, nilipoachia wekundu ukarudi mara moja. Kisha akabonyeza ufizi wa Popi, akaachia. Tukasubiri, mimi nimeinama mpaka pumzi yangu inamgusa manyoya. Hakuna kilichorudi, maana hapakuwa na wekundu wa kurudi. Akanieleza taratibu, bila haraka, kama mwalimu mzuri: kuna kijidudu kinachoingia na mate ya kupe, kinajificha ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaliana humo na kuzipasua. Rangi ya chembe zilizopasuka ndiyo ile niliyoiona kwenye mkojo.

Halafu akachukua boksi tupu la dawa, akaandika nyuma yake. Kumwona mgonjwa 10,000. Sindano 15,000. Dripu mbili 10,000. Dawa ya kuongeza damu 6,000. Dawa ya kuogeshea kupe 8,000. Akapiga mstari: 49,000. Nikajumlisha na bodaboda kichwani, ikaja 55,000. Bei ya mfuko mmoja wa urea, kamili, bila kuzidi wala kupungua.

"Sikufichi," akasema. "Unaweza kulipa na bado akafa. Wengi wakifika hapa wanarudi naye nyumbani, na mimi siwalaumu."

Mlangoni alikuwepo mzee aliyefuata chanjo ya kuku. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kwa hela hiyo si utapata mbwa hata ishirini?" Hakusema kwa ubaya. Kwetu mtoto wa mbwa hanunuliwi, unaomba unapewa, ukichelewa wanakuletea. Na mimi nilikuwa na akili za kutosha kujua mfuko mmoja wa mbolea ni nini kwenye nyumba ya mjane mwenye watoto wawili. Nilijua ni debe ngapi za unga, nilijua ni madaftari. Yote hayo niliyaona waziwazi nikiwa nimesimama pale. Na nililiona buti.

Mama akifunga fundo amefunga. Ilibidi nilifungue kwa meno.

Kichupa cha dawa kilikuwa na picha ya ng'ombe. Daktari akaniambia ndiyo hiyo hiyo, ya ng'ombe na ya mbwa, kinachotofautiana ni kipimo. Akavuta kidogo mno, haikufika hata mililita moja, akainua sirinji juu kwenye mwanga. Nilishangaa jinsi shilingi 15,000 zinavyoweza kukaa kwenye tone dogo namna ile. Ilipoingia, Popi alilia, na ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza kwa siku mbili. Kisha mate yakaanza kumtoka mengi, akatapika povu, nikadhani ndiyo anakata roho. Daktari akaniwekea mkono begani: "Dawa yenyewe ndivyo ilivyo. Mshike tu." Akaning'iniza dripu kwenye msumari. Nikamshika. Nilihesabu matone mpaka nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Alipona. Siku ya nne alikula uji, wiki iliyofuata akaanza kubweka. Sindano ya pili ilitakiwa baada ya wiki mbili, 15,000 nyingine, na hiyo niliitafuta kwa kibarua cha kupalilia viazi, siku tano kwa 3,000. Daktari alituagiza pia tumkague kila siku bila kuacha, kwa sababu kwa kawaida kupe hulazimika kung'ang'ania siku moja au mbili kabla hajaambukiza. Ukimtoa mapema umewahi.

Nikanunua mfuko mmoja wa urea. Nilikaa na mdogo wangu tukabishana: tuitawanye kidogo kidogo shamba zima, au tuiweke yote kwenye ekari moja ishibe? Tukaamua ekari moja. Hatukufikiria itakavyoonekana.

Mama alirudi mwanzoni mwa Machi. Alipitia shambani kabla ya nyumbani, kama kawaida yake, mzigo ukiwa bado kichwani. Nilimkuta amesimama ukingoni. Mbele yake shamba lilikuwa limegawanyika kama lililochorwa kwa rula: upande huu mahindi meusi kwa ukijani, yamempita urefu, upande ule manjano, membamba, majani ya chini yamekauka. Kila aliyepita njia ile alikuwa ameuona mstari huo kwa wiki kadhaa. Yeye ndiyo alikuwa anauona mara ya kwanza.

"Mbolea ilipungua?"

"Popi aliugua, mama. Nilimpeleka kwa daktari."

Alitazama shamba. Akanitazama mimi. "Haya," akasema, akatangulia kwenda nyumbani.

Mwaka uliotangulia tulivuna magunia 19. Mwaka ule 12. Kufika Januari iliyofuata tulikuwa tunanunua unga, na mdogo wangu alianza darasa la sita na viatu vilivyofungwa kwa waya. Hakuwahi kulalamika, naye alimpenda Popi kuliko mimi, lakini miguu yake naikumbuka. Popi aliishi miaka minne zaidi. Nikiweka hivyo viwili pamoja sipati jibu. Kuna siku najiambia ningerudi pale mezani ningefungua fundo lile lile. Siku nyingine, hasa watoto wangu wakihitaji kitu nami sina, nasita. Mama hakuwahi kulirudia jambo lile, na mimi mpaka leo sijathubutu kumwuliza.

Ila jioni ile ile aliyorudi, baada ya kula, nilitoka nje kumwaga maji nikamkuta amekaa kwenye kizingiti, koroboi pembeni, kopo lenye mafuta ya taa kidogo karibu na mguu. Popi alikuwa amelala, kidevu juu ya buti. Mama alikuwa anapekua manyoya yake kwa vidole, akipata kupe anamng'oa, anamdondosha kwenye kopo. Hakuinua kichwa.

"Huku nyuma ya sikio," akasema, "hamwangaliagi."