Siku Niliyoitwa Chuo Kikuu Kufundisha Kuhusu Chokaa

Jumanne moja jioni, nikiwa bado kazini katika nyumba moja ya Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ndia Kuu, nilipigiwa simu na mhadhiri wa chuo kikuu kimoja cha hapa Mombasa. Alinieleza kwamba mhandisi aliyekuwa amealikwa kuzungumza na wanafunzi wa ujenzi wa mwaka wa tatu alikuwa amepata udhuru, kwamba kipindi chenyewe kilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, na kwamba mwanafunzi wake mmoja aliyewahi kupita kazini kwetu ndiye aliyenitaja. "Fundi, nakuomba uje utufundishe namna kuta za matumbawe zinavyotengenezwa," alisema. Nilimjibu kwamba mimi ni mwashi, kwamba masomo yangu yalikomea kidato cha nne, na kwamba sijapata kufundisha mtu yeyote isipokuwa wanagenzi wangu wanne. Akasema hayo yote ameshaambiwa, na bado ananiomba nije.

Nilikubali kwa sharti moja tu, kwamba niseme kwa Kiswahili. Najua kwamba vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza, lakini ufundi huu nimeupokea kwa marehemu ami yangu, na kila kitu chake, kuanzia timazi na mwiko hadi boriti, zidaka na neru, nimekijua kwa jina lake la Kiswahili. Niliamini kwamba kama ningejilazimisha kusema kwa lugha nyingine, ningetaja kidogo sana ya yale ninayoyajua, na wanafunzi wangepata hasara bila ya wao kujua. Mhadhiri alikubali bila kusita, jambo ambalo ninamshukuru hadi leo.

Jumatano asubuhi niliwaachia wanagenzi kazi, nikakaa kuandika. Niliandika kurasa tisa. Nilianza na Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, nikaja kwenye jinsi Waomani walivyoizingira ngome hiyo mwaka 1696 hadi 1698, nikaeleza jinsi ngome ilivyofanywa jela mpaka mwaka 1958, na nikafika kwenye kuorodheshwa kwake na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Wakati wa chakula cha mchana nilimsomea binti yangu kurasa zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Baba, wakitoka pale wataweza kufanya nini ambacho jana yake walikuwa hawakiwezi?" Sikuwa na jibu. Nilizikata kurasa sita, na katika habari za ngome nikabakisha jambo moja tu linalomhusu mwashi: kuta zile za matumbawe na chokaa zimepigwa na upepo wa chumvi kwa zaidi ya miaka 400, nazo zingali zimesimama.

Alasiri niliwakusanya wanagenzi nikawafundisha kana kwamba wao ndio wanafunzi wa chuo, huku mmoja wao akipima muda kwa simu yake. Nilitumia saa nzima na dakika ishirini, ilhali kipindi kilikuwa cha saa moja pamoja na maswali. Ilinibidi niondoe sehemu ya boriti, na hilo liliniuma, kwa sababu urefu wa mti wa mkoko ndio unaoamua upana wa chumba katika nyumba zetu za kale, na ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Hata hivyo nilitaka wanafunzi walielewe jambo moja sawasawa, nalo ni sababu ya kuupiga ukuta wa matumbawe lipu ya chokaa badala ya simiti.

Alhamisi nilikwenda na mawe mawili ya tumbawe tuliyoyatoa katika nyumba ile tuliyokuwa tukiitengeneza. La kwanza lilitoka chini ya lipu ya kale ya chokaa, na uso wake ulikuwa mzima. La pili lilitoka sehemu iliyowahi kupigwa simiti, na ukilipapasa linakuachia unga mkononi. Baada ya salamu sikusema neno lolote kuhusu nafsi yangu. Niliyapitisha mawe yale kutoka mkono hadi mkono, nikawaomba waniambie wanaona tofauti gani. Walipokwisha kujaza unga viganjani, ndipo nilipoeleza. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu vingi, nalo hunyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaachia maji yale yatoke nje kwa mvuke, lakini simiti huyazuia, na chumvi ikikaukia nyuma ya simiti hufanya chembe ngumu zinazokua na kulipasua jiwe lenyewe. Siku simiti inapoanguka, huanguka na uso wa jiwe.

Kisha tulitoka uani, maana jambo hili halifanywi ndani. Nilivaa miwani na glavu, nikawasimamisha mbali, na nikazima chokaa, yaani nikaichanganya na maji, mbele yao katika ndoo ya chuma. Niliwasisitizia kwamba chokaa ndiyo inayotiwa majini kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwa kuwa hutokota kwa ghafla na kuruka, na tone moja likiingia jichoni laweza kulipofusha. Maji yalipoanza kuchemka bila moto, nilisikia minong'ono, na baada ya hapo maswali hayakukatika.

Swali lililonishinda liliulizwa na msichana aliyekaa mbele, tuliporudi darasani. "Fundi, lipu yako inahimili mgandamizo wa kiasi gani?" Alitaka tarakimu. Nilimweleza kwa ukweli kwamba tarakimu hiyo sinayo, kwamba mimi huipima lipu kwa ukucha na kwa siku, na kwamba ninajua tu kuwa chokaa ni laini kuliko simiti na kwamba ulaini huo ndio unaolilinda jiwe. Nilihofia kwamba jibu lile lingenishushia hadhi, lakini nililiona bora kuliko kubuni. Mhadhiri ndiye aliyependekeza kwamba niwaletee chokaa yangu na mchanga wangu, wao wafinyange vipande vya mraba na kuvivunja kwa mashine ya maabara yao.

Jumatatu iliyofuata nilirudi na ndoo mbili, pamoja na mwanagenzi mmoja aliyekuwa hajapata kuingia chuo kikuu. Tuliwaonyesha jinsi tunavyochanganya, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, nao wakajaza kalibu kumi na mbili. Niliviombea vipande vile subira, kwa kuwa chokaa hukazwa na hewa polepole sana na haifai kuvunjwa kwa haraka ya simiti, na msichana yule akaandika juu ya kila kipande tarehe atakayokivunja, cha mwisho kikiwa cha miezi sita. Vimefunikwa magunia mabichi mpaka sasa, na kila Ijumaa baada ya sala msichana yule hunitumia picha ya vipande hivyo kuniuliza kama unyevu unatosha.