TV yangu ya kisogo na sumaku ya spika

Ploti yetu hapa Nyalenda, Kisumu, walinicheka kwa TV yangu ya zamani yenye mgongo mkubwa mpaka wakachoka. "Baba Achieng, si uwauzie watu wa vyuma hiyo TV ya kisogo?" Siku hizi kimya. Jirani alinunua skrini bapa, mtoto akaitwanga rimoti, ikachora utando wa buibui kona hadi kona, na bei ya paneli mpya ilikaribia ya TV nzima. Yangu, inchi 21, imekula rimoti, mpira, na siku moja mwiko wa ugali ulioruka wenyewe (ndivyo nilivyoambiwa). Haina hata mkwaruzo. Kioo cha mbele ni kinene kama kidole, maana ndani hewa imetolewa na ya nje inakisukuma usiku na mchana. Tena kimefungwa mshipi wa chuma pembeni.

Kilichotuangusha ni sumaku. Kijana wangu aliichomoa kwenye spika mbovu, akawa anaisugua kwenye kioo akifurahia rangi zinavyokimbia. Zilipoacha kukimbia, mtangazaji wa habari alibaki na shavu moja la kijani na paji la zambarau.

Fundi mmoja wa Kondele akatazama dakika mbili: "Kioo kimeungua. Tafuta nyingine." Na kwa bahati, yeye alikuwa nayo, elfu tatu na kitu. Nikarudi na yangu kwa tuktuk, nimeikumbatia kioo kikiwa kifuani, kwa sababu uzito wote uko mbele.

Kisha mjuaji wa steji ya boda akaniambia dawa ya moto ni moto: ipitishe sumaku ileile kinyumenyume. Nami nikamsikiliza! Nilizungusha ile sumaku karibu saa nzima, jasho linanitoka, watoto wamepanga foleni kwenye kochi kama majaji. Zambarau ikahama pembeni ikaja katikati, ikaleta na njano. "Baba, sasa imekuwa kama leso." Mama Achieng alichungulia, akarudi jikoni bila neno. Hapo ndipo iliponiuma.

Nikampigia mjomba wangu wa Bondo, aliyetengeneza TV enzi hizo. Akacheka kwanza, salio langu linaisha.

"Wuoda (mwanangu), kioo hakishiki sumaku. Kilichoshika ni lile bati la matundu madogomadogo nyuma yake. Kuna koili imezunguka kioo kuliondolea sumaku, lakini hufanya kazi unapowasha tu, tena TV ikiwa imepoa. Zima ukutani, si kwa rimoti. Ngoja nusu saa."

Nikangoja. Nikawasha: duuum! Doa likapungua kidogo. Zima, ngoja, duuum. Jioni nzima tukaishi hivyo, kila duuum watoto wakishangilia kama Gor Mahia wamefunga goli. Mara ya sita shavu la kijani likaisha.

Nilipomwambia mjomba nilikuwa nimeshaanza kulegeza skrubu za nyuma, alinikemea kwa ukali. Mle umeme hufika volti 25,000 hivi na unaweza kubaki hata ukichomoa, na shingo ya tyubu (ile chupa kubwa ambayo uso wake ndio kioo cha mbele) ni kioo chembamba kama cha balbu. Ubabe wote uko usoni.

Tangu analojia izimwe 2015 inatumia king'amuzi, nyaya zile tatu za rangi, basi.

Yule fundi bado ananidai mia mbili za "kuangalia". Angoje.