Malaika ipi sasa?

Jamani kuutafuta mtandaoni ule wimbo wa Malaika wa Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya, ni kazi, ukiandika tu jina unaletewa Miriam Makeba na Belafonte wa 1965, ukishuka chini Boney M. wa 1981, halafu mabendi ya hotelini yanayowaimbia watalii. Nzuri sawa ila mi nataka ya Fadhili mwenyewe. Na hapo ndo balaa linaanza maana aliirekodi zaidi ya mara moja, kwanza na bendi yake Jambo Boys, halafu akairudia 1963 pale studio ya Equator Sound Nairobi, na wanaopandisha hawasemi ipi ni ipi! Mtu anakuwekea picha ya zamani, anaandika "orijino kabisa", unapleyi unakutana na kinanda na ngoma za kompyuta, aah. Nyingine ni santuri kweli, mikwaruzo unaisikia, ila aliyeihamisha kaikimbiza spidi mpaka sauti imekuwa ya kitoto, na kaikata gitaa halijamaliza. Ukishuka kwenye komenti wanagombana tu nani aliitunga, Fadhili au Adam Salim. Mwenye santuri yake ndani anipigie hata picha ya lebo, nataka kuona namba nijue ni rekodi ipi.