Kaboni Iliyobeba Shaba

Mzigo ulifika Ilemela jioni, viroba vya kaboni, yaani mkaa ulionasa dhahabu, vimefungwa lakiri na wenye mali wamekaa juu yake tangu Geita. Kwenye elusheni, kazi ya kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ndivyo ilivyo: mwenye kaboni habanduki mpaka dhahabu yake ipimwe. Zamu ya usiku ilikuwa yangu na fundi mkuu.

Fundi aliuliza kwanza mawe waliyochimba yalikuwa na rangi gani. "Yana ukijani," mzee mmoja akajibu. Hapo fundi akazuia tusiwashe moto.

Ukijani ule ni malakaiti, mawe ya shaba. Dhahabu hukaa mwambani ikiwa metali tayari, haihitaji tanuru la kuitenga na oksijeni kama chuma. Taabu yake ni uchache, gramu chache kwa tani, pamoja na majirani inaokaa nao. Sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, ikimwagwa kwenye vati, tangi la kulowekea mawe yaliyosagwa, huyeyusha vyote, na malakaiti hutangulia. Sianidi ikiwa ya kutosha, shaba hujifunga nayo kwa wingi na kubaki majini. Ikipungua, shaba hupanda kwenye kaboni na kuchukua nafasi ya dhahabu. Wale wazee walikuwa wamebana sianidi kwa sababu ya bei, jambo ninaloliona sana, na hasara yake huja mwishoni.

Tukaiosha kaboni baridi, kwa maji yenye sianidi nyingi na kostiki, yaani magadi makali. Shaba hutoka bila joto, dhahabu hung'ang'ania. Maji yake hayana rangi, kwa hiyo mwenye mali haoni kitu kinachotoka na huanza kushuku anaibiwa. Fundi aliwaeleza kwa subira, hatua kwa hatua, nami nilimheshimu kwa hilo.

Ndipo tukapasha: kostiki asilimia 1, sianidi asilimia 0.1, joto karibu nyuzi 95. Maji yanazunguka kutoka kwenye tangi la kaboni hadi kwenye seli ya umeme, ambako dhahabu hunata kwenye nyuzi laini za chuma kama zile za kusugulia sufuria. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Umeme ulipokatika tuliwasha jenereta haraka, maana joto likishuka dhahabu hupunguza kutoka.

Nyuzi zilipotolewa zilikuwa nyeusi. "Fundi, mbona hakuna njano?" Dhahabu ya seli ni unga, na unga wake huwa mweusi au kahawia. Tulizisuuza mpaka sianidi yote ikaisha, kwani asidi ikikutana na sianidi hutoa hewa inayoua. Baada ya hapo tukayeyusha chuma kwa asidi ya hidrokloriki, nje, tukiwa upande unaotoka upepo, tukakausha unga na kuuyeyusha kwa boraksi, chumvi inayokusanya takataka juu.

Kitonge kilikuwa na wekundu. Dhahabu safi ya gramu 193 ikipimwa ndani ya maji hupungua gramu 10; hiki kilipungua kupita kiwango cha uzito wake, dalili ya metali nyepesi ndani. Tukakiyeyusha tena kwa boraksi na shura, chumvi inayounguza shaba ikaingia kwenye takataka za juu. Mara hii kilitoka njano.

Walipokuwa wakifunga mzigo, fundi aliwaandikia karatasi: pH ya maji ya vati, kipimo cha ukali wa asidi au magadi, isishuke chini ya 10.5, sianidi huru, ile isiyojifunga na metali, ipimwe kila asubuhi, na mawe ya kijani yatengwe kabla ya karasha, mashine ya kusagia mawe.