Doti ya Oksijeni

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya bwawa la Mtera yameshuka, na sisi wa kidato cha nne tulipiga msuli kwa taa ya chemli. Nilikuwa nakaa kwa shangazi, Magomeni. Yeye alikuwa na meza ya kanga na vitenge Kariakoo. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu, na kemia ilikuwa imenikaba.

Sababu naijua, nilikuwa nakariri. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, hewa ya ukaa ni hewa ya ukaa, halafu sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza. Nikaona bora nimeze fasili kama zilivyo kwenye desa. Atomu, elementi, valensi, isotopu: ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia zote bila kuruka neno. Lakini kwenye mock tuliulizwa gramu 64 za gesi ya oksijeni ni moli ngapi. Nikagawa kwa 16, uzito wa atomu ya oksijeni, nikapata 4, nikapigia jibu mistari miwili. Mwalimu akanichorea kosa kubwa jekundu. Jibu lilikuwa 2. Pembeni akaandika nisome swali vizuri. Nililisoma wiki nzima, nikaona bado ni 4.

Usiku mmoja nilikuwa sebuleni nikimeza, kwa sauti, maana mimi bila sauti haiingii. Shangazi alikuwa ameketi mkekani, mzigo wa kesho umemzunguka.

"Unaimba nini wewe?"

"Kemia, shangazi. Fasili ya moli."

"Hebu niambie na mimi, kwa Kiswahili."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. "Ni kiasi," nikasema. "Kiasi cha kitu."

"Kiasi gani?"

"Sita nukta sifuri mbili, zidisha kwa kumi kipeo cha ishirini na tatu."

"Za nini?"

"Za chochote. Atomu, molekuli..."

Akawaza kidogo. "Sasa hiyo si korija? Korija ni ishirini, ziwe kanga, ziwe mashati. Yenu kubwa tu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Miaka miwili nilikuwa naiogopa moli kama jini, kumbe ni jina la hesabu, kama dazani.

Akaendelea na kazi yake. Akanyanyua kanga: moja. Akanyanyua nyingine: mbili. Mwanga wa chemli ulikuwa unaipiga ile ya tatu, nyekundu ya korosho, na nikauona mstari wa katikati ambapo vipande viwili vimeshikana, bado havijakatwa wala kupindwa. Vipande viwili, na yeye anahesabu moja. Bila shaka anahesabu moja, ni doti. Nani anauza kanga nusu?

Nikaliendea daftari mbiombio. Gesi ya oksijeni haitembei kipande kimoja kimoja. Inatembea doti, atomu mbili mbili. Kipande kimoja kina uzito wa 16, doti 32, na 64 kwa 32 ni 2. Karatasi ya mtihani yenyewe inakutega, maana wanakuandikia O = 16 na kukuachia mengine. Haidrojeni doti, naitrojeni doti, klorini doti. Heliamu na neoni hizo si doti, atomu zake zinakaa moja moja. Shangazi alinitazama nikiandika, akauliza kama nimeumwa na siafu.

Baadaye sana nilisoma kwamba Dalton mwenyewe, baba wa nadharia ya atomu, aliamini maji ni HO, si H₂O. Avogadro, Mwitaliano, alisema mwaka 1811 kwamba chembe za gesi kama oksijeni huweza kuwa za atomu mbili mbili, na wengi hawakumjali mpaka Cannizzaro, Mwitaliano mwenzake, alipoifufua hoja yake katika mkutano wa wanakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, 1860. Karibu miaka 50! Mimi wiki moja tu. Nilijisikia nafuu.

Siku zilizobaki nilirudia kila kitu upya, safari hii nikijiuliza kwa Kiswahili kwanza. Alama ya sodiamu, Na, ilikuwa hainikai kichwani hadi nilipojua inatoka kwenye jina la Kilatini, natrium, lenye undugu na lile la Ziwa Natron, kule kwenye magadi. Na magadi tulikuwa nayo jikoni, ya makande. Nikaweka bonge dogo kwenye kisosi, nikakamulia ndimu. Likachemka povu, likalia kama mafuta yaliyodondokewa na maji. Asidi na kabonati, mbele ya macho yangu.

"Na ndimu yangu umeifanya nini?"

"Inatoa hewa ya ukaa, shangazi."

"Itoe na hela ya ndimu."

Siku ya mtihani, swali la hesabu za gesi lilikuwepo. Nilichukua penseli nikaandika "doti" juu ya kila gesi iliyostahili, kisha nikakokotoa kwa kalamu. Dakika tano za mwisho nikaanza kufuta. Zilikuwa doti tatu, na msimamizi alipokusanya karatasi nilikuwa nimefuta mbili.