Nilivyosoma chuo Iringa huku mikono ina unga wa maandazi

Mimi chuo nimesomea Mkwawa hapo Iringa, ualimu wa sayansi, Baiolojia na Kemia, na miaka yote mitatu sijakaa hosteli hata wiki. Nilikaa Kihesa kwa mama mdogo. Kukaa kwa ndugu kuna raha yake jamani, bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa hulali njaa, ila kazi zipo. Mama mdogo anauza maandazi na chapati, unga unakandwa usiku, alfajiri jiko linawashwa, wateja wa kwanza wanapita kukiwa bado giza na salamu zao za kihehe, kamwene. Sa hapo niambie unapiga msuli, yani unasoma, saa ngapi?

Wenzangu walikua wanakaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea pale chuo, masaa manne mfululizo na madesa yao, notsi za masomo, na makalamu ya kuchorea rangi, mi muda kama huo sikua nao kabisa. Nilichokua nacho ni vipande vipande tu, dakika ishirini hapa, nusu saa kule, halafu mikono haishiki daftari kwa sababu ina unga na mafuta. Kwahiyo ikabidi nitafute namna ya kusoma ambayo daftari halitakiwi kuwa wazi mbele yangu, na hiyo ndo iliyonitoa.

Nilianza na maboksi ya dukani, yale ya biskuti, nakata vipande saizi ya kadi ya kupigia kura, upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanaandika kichwa cha habari mbele afu nyuma wanajaza notsi nusu ukurasa, hiyo sio kadi hiyo ni desa dogo. Kadi iwe na swali moja la kukubana. Mfano kwenye upumuaji wa seli, yani seli inavyovunja sukari (glukosi) kupata nishati, kuna hatua za kuzunguka zinaitwa Krebs, sasa usiandike "mzunguko wa Krebs ni nini", utajibu kwa kuimba na hujaelewa kitu. Yangu iliandikwa hivi: glukosi moja inazungusha Krebs mara ngapi, na kwa nini? Jibu mara 2, kwa sababu kule kwenye hatua ya mwanzo, glaikolisisi, glukosi inavunjika kuwa paruveti mbili na kila moja inaingia na mzunguko wake. Ukiweza hilo la kwa nini basi ATP, zile molekuli za nishati, unazihesabu mwenyewe bila kukariri.

Msomaji wa kadi alikua dogo, mtoto wa mama mdogo, darasa la sita enzi hizo. Anakaa kwenye kigoda karibu na jiko maana baridi ya Iringa mwezi wa sita na wa saba sio ya mchezo, anasoma swali kwa kiingereza chake cha kuungaunga, mi nakanda najibu kwa sauti, yeye anaangalia nyuma kama maneno yanafanana. Hana huruma yule mtoto! Nikisema karibu sawa anasema umekosa, neno halipo. Nikamlipa kwa maandazi, biashara ikaenda.

Sasa kadi zikishakua nyingi huwezi kuzirudia zote kila siku, ndo nikapanga boksi la viatu nikaligawa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Kadi ukiipata inasogea mbele, ukiikosa inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikua imeshafika mwisho, hakuna kubembelezana. Huu utaratibu sikuubuni mimi, Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972 na vyumba vyake vilikua zaidi ya vyangu, mi boksi langu lilikua dogo tu.

Na kwa nini inafanya kazi ilishajulikana zamani. Ebbinghaus, Mjerumani mmoja, alijitesa mwenyewe kukariri vijineno visivyo na maana ili aone anavisahau kwa kasi gani, akachapisha mwaka 1885. Alichokuta ni kwamba kusahau kunakua kwa kasi sana mwanzoni, masaa ya kwanza na siku ya kwanza, baadae kunapungua mwendo. Ndo maana kipindi cha asubuhi ukikigusa tena jioni yake hata kwa dakika kumi unaokoa vingi kuliko kukisubiri wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa semista. Halafu mwaka 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani walichukua wanafunzi, kundi moja likasoma habari likairudia kuisoma, jingine likasoma likafunga likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikua juu. Baada ya wiki moja wakageuziwa kibao, waliojiuliza wenyewe wakawapita vizuri tu. Na kinachochekesha ni kwamba wale wa kurudia ndo waliokua na uhakika kwamba watakumbuka. Hilo mi nililiona kwa macho pale chuo, mtu anakwambia topiki hii nimeimaliza yote, muulize na daftari limefungwa, anaanza kuangalia juu.

Lakini kadi peke yake zina ubaya wake, unaweza kua kasuku mwenye boksi. Aliyenitoa huko ni mama mdogo na hata hajui kama alinisaidia. Siku moja anakatakata kachumbari mi namwaga misamiati ya osmosisi na dogo, akaniuliza, "Mwanangu, hicho unachokisema kila siku ni kitu gani hasa?" Nikaanza kiingereza, akasema hapana niambie mimi mama yako nielewe. Nikamwonyesha nyanya, mama si unaona ukitia chumvi mapema kachumbari inajaa maji, ni kwamba nje chumvi imekua nyingi kuliko ndani ya seli za nyanya kwahiyo maji yanatoka ndani kufuata huko nje, yanapita kwenye utando wa seli. Akaelewa vizuri sana. Afu akaniuliza, "Sasa mbona maharage nikiyaloweka maji yanaingia, na chumvi sijatia?"

Nikakwama pale pale na kisu mkononi. Usiku nikafukua madesa nikakuta kumbe mbegu kavu kunyonya maji ya mwanzo ina habari yake, imbibisheni, protini na wanga zilizokauka zinavuta maji na hata huo utando wa seli hauhitajiki ili itokee. Nilikua na kadi ya imbibisheni kabisa! Na nilikua naipata kila mara, ila sikuwahi kuikutanisha na ya osmosisi. Kuanzia hapo kila topiki ikiisha namweleza mama mdogo kwa kiswahili, na pale ninapoanza kusema "yani mama ni kama vile nini..." najua hapo sijaelewa, narudi kusoma kipande hicho tu, sio topiki nzima. Na kwa sisi tunaoenda kufundisha ilikua faida mara mbili, nilipoenda tipii, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, nilishazoea maswali ya namna hiyo.

Diskasheni nilienda, ila ya watu wanne tu na sheria moja, unakuja umeshasoma na madaftari yanabaki kwenye begi. Zile za watu kumi na tano mmoja anaongea wengine wanachati mi nilizikimbia. Simu naikabidhi kwa mama mdogo anaiweka kwenye kabati la vyombo, kundi la Wasap la darasa nalisoma baadae, CR, kiongozi wa darasa, akiwa na jambo la maana hata ukichelewa saa moja utalikuta.

Kukesha sikukesha. Sio kwamba mi mtakatifu, nilikua nimechoka tu na alfajiri jiko linaniita, kwahiyo saa nne na nusu nimelala. Baadae ndo nikaja kujua kwamba ulichosoma mchana ubongo unakipanga vizuri ukiwa umelala, wale wanaotoboa mpaka asubuhi ya pepa wanajinyima hapo hapo.

Kemia ya hesabu kadi haisaidii, niwe mkweli. Mole, pH, kasi ya mmenyuko, huko ni kukokotoa mpaka mkono uzoee. Jumapili mchana biashara hakuna, nachukua pasti pepa, naweka saa ya ukutani mbele, nafanya kama niko chumba cha mtihani na karatasi tupu, sifungui kitu mpaka muda uishe. Kwenye kozi zangu alama 40 zilitoka kwenye majaribio ya semista na UE ilibeba 60, kwahiyo hata ukiwa vizuri ndani ya semista bado saa tatu za UE zinaweza kukuvuruga kama hujazoea kuandika kwa haraka.

Nilimaliza na apa sekondi, daraja la pili la juu, na sapu, ule mtihani wa kurudia ukifeli, sikuwahi kupata. Kadi za jenetiki bado ninazo, nazitumia kufundishia fomu foo mpaka sasa. Za ikolojia alizichukua dogo mmoja wa mwaka wa kwanza akasema anapiga picha anarudisha jioni, hajarudisha mpaka leo.