Kentucky na hasira za usajili: wanahesabu Novemba, timu inajengwa Aprili

Jimbo zima la Kentucky halina timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu wa kulipwa, wala ya futiboli ya Kimarekani ya kulipwa, wala ya besiboli ya ligi kuu. Kilichopo ni chuo na timu yake ya kikapu. Ukihamia Lexington, iwe umetokea Dar, Bukavu au Mombasa, utakuta Chuo Kikuu cha Kentucky kimebeba mzigo ambao kwetu hubebwa na Simba, Yanga na timu ya taifa kwa pamoja. Uwanja wa Rupp Arena unachukua watu zaidi ya 20,000, mataji ya taifa ni manane, na la mwisho lilikuja 2012. Hiyo 2012 ndiyo chanzo cha kununa kwote.

Mgeni hushangaa kwamba hasira kali haziji siku ya kufungwa. Huja katikati ya Novemba, msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza, kijana wa miaka 17 anapokaa mezani mbele ya kofia nne za vyuo vinavyomtaka, anapapasa ya buluu ya Kentucky, kisha anavaa ya chuo kingine. Kesho yake bohari nzima unakofanya kazi wamevimba. Ukitaka kuzungumza na wenzako kazini bila kubaki unaitikia tu, inafaa ujue usajili huu unakwendaje na unaharibikia wapi.

Kwanza sahau dau. Kwetu klabu inapomtaka mchezaji inazungumza na klabu yake, wanavutana, pesa inatoka huku inaingia kule. Kwenye vyuo hakuna klabu inayouza. Muuzaji ni kijana mwenyewe, na pembeni yake wapo mama, kocha wa timu ya kiangazi, mara nyingi na wakala. Kocha wa sekondari siku hizi sauti yake ni ndogo. Vijana huonwa kwenye ligi za kiangazi zinazobebwa na kampuni za viatu: Nike ina yake, Adidas yake, Under Armour yake. Mashindano makubwa ya Nike, Peach Jam, huchezwa kila Julai huko North Augusta, South Carolina, na makocha wakubwa wote hukaa pale kwenye viti vya kukunja, fulana imeandikwa jina la chuo kifuani, ili kijana akiinua macho aone nani amekuja kumtazama. Hawaruhusiwi kupiga naye soga pale. Kuonekana tu ndiyo salamu yenyewe.

Kocha anaweza kuanza kumpigia kijana simu Juni 15 baada ya kumaliza darasa la 10. Ziara rasmi, ile ya kulipiwa na chuo nauli, hoteli na chakula pamoja na wanafamilia wawili, inaruhusiwa kuanzia Agosti 1 kabla ya darasa la 11. Kwenye ziara hiyo humvisha jezi na kumpiga picha chini ya taa za rangi. Picha hizo zikisambaa, shabiki mgeni anaruka dari. Tulia. Kila anayekuja kutembea huvishwa jezi, na kijana mmoja anaweza kuwa na picha za jezi sita tofauti kwenye simu yake.

Neno la mdomo nalo halifungi kitu. Kijana akitangaza kwamba amechagua Kentucky, anaweza kugeuza wiki inayofuata na asidaiwe hata senti. Wino humwagwa Novemba, au Aprili kwa waliochelewa. Hadi 2024 palikuwa na hati maalumu ya kitaifa ya kumfunga kijana na chuo; NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, liliifuta Oktoba mwaka huo, na sasa kinachosainiwa ni mkataba wa ufadhili wa masomo.

Hapo ndipo mashabiki wengi wa umri mkubwa walipokwama. Wamezoea kuhesabu nyota: mtandao fulani umempa kijana nyota tano, mwingine umemweka namba 12 nchini, darasa letu, yaani kundi la vijana tuliowasajili mwaka huo, ni la tatu au la ishirini. Enzi za John Calipari, aliyeinoa Kentucky kuanzia 2009 hadi 2024, hesabu hiyo ilikuwa na maana. Tangu 2006 NBA hairuhusu Mmarekani aingie moja kwa moja kutoka sekondari. Sharti awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita baada ya kumaliza shule. Calipari aligeuza kanuni hiyo kuwa biashara: lete watoto bora, kaa nao mwaka mmoja, waage. Kombe la 2012 lilipatikana hivyo, Anthony Davis akiwa wa mwaka wa kwanza.

Kisha mambo mawili yakabadilika karibu kwa pamoja. Julai 1, 2021, wanariadha wa vyuo wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Mwaka huohuo mchezaji akaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kufikia Aprili 2024 akaruhusiwa kuhama mara atakavyo, alimradi masomo yake yako sawa. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka 23, mwenye mechi 120 mwilini, akawa anapatikana sokoni kila masika. Mtoto wa nyota tano wa miaka 18 akaanza kukutana na wanaume.

Machi 21, 2024 ilionyesha hilo waziwazi. Kentucky ilikuwa na kundi la mwaka wa kwanza lililosifiwa nchi nzima. Wawili kati yao, Reed Sheppard na Rob Dillingham, miezi mitatu baadaye walichukuliwa namba 3 na namba 8 na timu za NBA. Walitolewa raundi ya kwanza na Oakland, chuo kidogo cha Michigan, 80 kwa 76. Aliyewaua ni Jack Gohlke, mhamiaji aliyetoka chuo cha daraja la pili, aliyepiga mitupo kumi ya pointi tatu na kumaliza na pointi 32. Hakuna mtandao uliowahi kumpa Gohlke nyota za kuhesabu.

Wiki chache baadaye Calipari akahamia Arkansas na baadhi ya vijana wakamfuata. Mark Pope, aliyekuwa mchezaji wa kikosi cha ubingwa wa 1996, alipokabidhiwa timu Aprili 2024, hakubakiwa na hata mmoja wa wachezaji wa kutegemewa wa msimu uliokwisha. Alijaza kikosi kutoka langoni.

Lango la uhamisho ni orodha ya kompyuta tu. Mchezaji anaiandikia ofisi ya kanuni ya chuo chake kwamba anataka kuingizwa. Ofisi ina siku mbili za kazi kufanya hivyo, na haiwezi kukataa. Jina likishaonekana, kocha yeyote anaruhusiwa kumpigia. Mwaka 2025 dirisha la wanaume lilifunguliwa Machi 24 na kufungwa Aprili 22. Hapa watu wengi hukosea: tarehe ya kufunga ni ya kuingiza jina, si ya kuchagua chuo. Aliyeingia siku ya mwisho anaweza kuamua Mei au Juni. Kwa hiyo ukisikia mtu analia kwamba dirisha limefungwa na sisi bado hatuna mlinzi wa kati, mwambie apunguze moto.

Kilio chenye haki mwaka huo kilikuwa kingine. Machi 24 mashindano ya taifa yalikuwa bado yanaendelea; timu 16 zilikuwa hazijatolewa, Kentucky ikiwemo. Kocha aliyekuwa anaandaa mechi ya Ijumaa alitakiwa usiku huohuo, chumbani hotelini, awapigie simu wachezaji wa msimu ujao, huku nusu ya wachezaji wake wakizungumza na mawakala chini ya meza. Timu iliyotolewa mapema ilifanya ununuzi kwa nafasi. Kufanya vizuri uwanjani kulikupa hasara sokoni.

Kikosi cha kwanza cha Pope kilikuwa cha watu wazima: Koby Brea kutoka Dayton, Lamont Butler kutoka San Diego State, Andrew Carr kutoka Wake Forest, Amari Williams kutoka Drexel, Jaxson Robinson aliyemfuata kutoka BYU. Waliifunga Duke 77 kwa 72 mwezi Novemba, wakafika 16 bora, wakatolewa na Tennessee. Butler alisumbuliwa na bega, Robinson akafungiwa msimu na kifundo cha mkono. Ukilinganisha na miaka iliyotangulia, ilikuwa nafuu kubwa.

Lakini tazama bei yake. Hao watano wote walikuwa wamemaliza miaka yao ya kucheza. Ukinunua mtu wa mwaka wa mwisho unanunua kiti kitakachokuwa wazi tena baada ya miezi 12. Travis Perry, kijana wa Kentucky mwenye rekodi ya pointi nyingi kuliko wote katika historia ya sekondari za jimbo hili, naye akaingia langoni na kwenda Ole Miss baada ya msimu mmoja tu. Wale wa mtaani wanaoshikilia kwamba timu haina sura, kwamba unanunua jezi ya jina la mtu na kabla haijapauka keshaondoka, hapo siwezi kuwabishia. Kukosa nyota tano Novemba hakuumizi hivyo. Kinachoumiza ni kuanza upya viti vinane au tisa kila Aprili.

Pesa nazo zimekuwa na hesabu yake. Juni 6, 2025 mahakama ya serikali kuu iliyoko California iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ukomo ukiwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo katika mwaka wa kwanza. Mgawo unaotajwa sana ni asilimia 75 futiboli na 15 kikapu cha wanaume. Piga: 15 ya 20.5 ni kama milioni 3.1. Gawa kwa kikosi cha watu 15, ambao ndio ukomo mpya badala ya wafadhiliwa 13 wa zamani. Inabaki wastani wa laki mbili na kidogo kwa kichwa, na hiyo haimpati mlinzi mzuri wa kati anayegombewa na vyuo kumi. Kinachobaki lazima kitoke kwa makampuni na matajiri, na kila mkataba unaozidi dola 600 unapaswa kupelekwa kukaguliwa kama kweli kuna bidhaa inayotangazwa. Chuo chenye wafadhili wanaolipa haraka na makaratasi mafupi kinamshinda chenye historia ndefu. Ukisikia kijana ameghairi ghafla wakati kila kitu kilishakubalika, mara nyingi ni hapo palipokatika, wala si kwamba kocha hajui kuongea na akina mama.

Sisi tuliotoka Afrika tuna kipengele ambacho wenyeji wengi hukisahau: viza. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mswahili mwenzetu wa Katanga, alikuja Kentucky akitokea West Virginia, na msimu wa 2021–22 alivuna ribaundi 15.1 kwa mechi akachukua tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Alikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1. Viza hiyo inakuruhusu kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kusimama kwenye tangazo la duka la magari ukiwa ndani ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kazi isiyo na kibali. Mchezaji bora nchini akawa anawatazama wenzake wa benchi wakisaini. Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, ndipo alipopata nafasi ya kufanya kazi zake za matangazo, kwa kuwa alikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Kocha anayemtaka mrefu kutoka Goma au Dakar lazima ahesabu hilo, na hesabu nyingine mpya: Aprili 5, 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasi zote za Sudan Kusini. Siku hiyohiyo Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda, alikuwa anaichezea Duke nusu fainali ya taifa.

Kwa mtoto aliyeingia kama mkimbizi au mwenye kadi ya kijani, kikwazo hicho hakipo. Anaruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo anaweza kulipwa kama mzawa. Kocha wa sekondari huenda asijue tofauti hiyo, basi mzazi aiseme mapema. Na asisubiri darasa la 12 kuulizia masomo: NCAA daraja la kwanza inataka masomo 16 ya msingi yenye wastani wa 2.3, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba. Kijana aliyepangiwa madarasa ya lugha tu miaka miwili ya mwanzo huishiwa muda hapo, hata awe na kimo cha Hasheem Thabeet.

Tetesi zikianza tena, chukua karatasi, andika majina ya kikosi, na mbele ya kila jina weka idadi ya miaka aliyobakiza. Kila sifuri ni kiti kinachotafutiwa mtu Aprili. Kisha weka alama kwa wanaocheza chini ya dakika kumi, maana hao ndio huandika barua kwa ofisi ya kanuni. Ukipata viti vitano, hata Novemba ikipita patupu kuna pa kuponea. Ukipata kumi, waache wenzako wanune. Siku hiyo wana sababu.